Maswali Yenu: Mtoto Ametoka Nasari, Msaada Uanze Lini?

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu watoto walioanza maisha kwa shida wakalazwa nasari, yaani wodi ya watoto wachanga hospitalini: waliozaliwa kabla ya wiki 37, waliokuwa na uzani wa chini ya kilo 2.5, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, waliopata degedege siku za kwanza, manjano makali au maambukizi ya utando wa ubongo. Karibu kila barua inasema, "tumeambiwa tungoje." Jopo letu la wataalamu wa watoto na wa tiba ya viungo halikubaliani na kungoja huko. Mtoto aliyepitia hayo huanza kusaidiwa kwa sababu yuko hatarini, hata kama jina la ugonjwa halijapatikana na huenda lisipatikane kamwe.

Kijana wangu alizaliwa wiki ya 30 akiwa na kilo 1.3. Sasa ana miezi mitano na shingo haijakaza vizuri, ilhali mtoto wa jirani aliyezaliwa naye mwezi mmoja anageuka na kucheka kwa sauti. Nyumbani wanasema nimpe muda, rafiki yangu anasema ana ulemavu. Nimsikilize nani? – Mama K., Kayole

Mama K., kwanza hesabu umri wake upya. Mimba kamili ni wiki 40. Wako alikuja wiki 10 mapema. Miezi mitano ni kama wiki 22. Ukitoa 10 zinabaki 12, yaani karibu miezi mitatu. Huo ndio umri wa kumpimia maendeleo, na hesabu hii itumike mpaka atimize miaka miwili. Chanjo ndizo hazifuati hesabu hii: za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huhesabiwa kuanzia siku aliyozaliwa. Akina mama wengi huzichelewesha wakidhani mtoto bado ni mdogo mno, na hao ndio watoto ambao nimonia na kifaduro huwaumiza zaidi.

Kwa miezi mitatu iliyosahihishwa hivyo, tunatazamia mambo haya. Ukimlaza kifudifudi, ainue kichwa kwa sekunde kadhaa. Ukimshika ameketi, kichwa kitikisike lakini kisidondoke. Afuate uso wako ukisogea, atabasamu ukimsemesha, na viganja viwe wazi muda mwingi. Yakiwepo haya, shingo yake iko ndani ya wakati. Akifika miezi minne kwa hesabu hiyohiyo na kichwa bado kinabaki nyuma kabisa unapomvuta mikono taratibu kutoka kulala, apimwe.

Lakini elewa mpaka wa hesabu hii. Kuzaliwa mapema kunaeleza kwa nini mtoto anachelewa kidogo. Hakuelezi kwa nini upande mmoja umekaza kuliko mwingine, kwa nini miguu inapishana kama mkasi, au kwa nini mtoto hatazami uso wa mamake. Ukiona lolote kati ya hayo, weka hesabu kando uende kliniki.

Kuna vipimo vitatu ambavyo hupotea kati ya nasari na nyumbani. Cha kwanza ni macho. Mishipa ya damu nyuma ya jicho la mtoto aliyezaliwa mapema sana huwa haijamaliza kukua, na inaweza kukua vibaya na kuvuta pazia la ndani ya jicho linalopokea mwanga likabanduka. Uchunguzi wa kwanza hufanywa karibu wiki ya nne baada ya kuzaliwa, kwa sababu nafasi ya kuokoa jicho kwa leza au sindano ni fupi. Kama hakufanyiwa, nenda wiki hii. Cha pili ni masikio. Dawa ya jentamaisini wanayopewa watoto wengi wa nasari, manjano makali na maambukizi vyote vinaweza kudhuru usikivu. Lengo ni mtoto kupimwa kabla ya mwezi mmoja, tatizo kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na msaada kuanza kabla ya miezi sita. Kupiga makofi nyuma ya kichwa si kipimo: mtoto huhisi upepo wa makofi, na anaweza kusikia sauti nzito huku za maneno zikimpita. Cha tatu ni damu. Akiba ya madini ya chuma huwekwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, miezi ambayo wako hakuipata yote. Wanaonyonya huanzishiwa matone ya chuma mapema, kwa kawaida miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzani kwa siku. Kosa la kawaida ni kuendelea na kipimo cha kilo 1.5 mtoto akiwa na kilo 5. Kila uzani ukipanda, muulize muuguzi akuhesabie upya.

Nyumbani, anza na kifudifudi akiwa macho. Watoto waliolala chali muda mrefu kwenye inkubeta huwa mabega yamevutika nyuma na mikono imetapakaa kando, kwa hiyo hawajui kuisukumia chini. Egemea kwenye kiti, umlaze kifuani pako mkitazamana, dakika moja au mbili, mara nyingi kwa siku. Baada ya siku chache hamia kwenye mkeka: kunja leso iwe mto mwembamba, iweke chini ya kifua, viwiko viwe chini ya mabega. Lengo ni jumla ya dakika 30 kwa siku. Usifanye hivyo punde baada ya kunyonya. Usingizini alale chali, kila mara.

Binti yetu alizaliwa miezi tisa kamili lakini hakulia. Aliwekewa oksijeni, na siku ya pili akapata degedege. Tuliruhusiwa tukiambiwa amepona. Sasa ana miezi minne na siku chache. Mkono wa kushoto unanyakua kila kitu. Wa kulia umekunja ngumi, kidole gumba ndani. Tumeambiwa tungoje atimize mwaka ndipo ijulikane. Mama yangu anasema ni mashoto kama babu yake. – Baba wa Umoja

Ndugu, umashoto hauonekani katika umri huu. Mtoto hachagui mkono kabla ya kupita mwaka. Anayetumia mmoja tu kabla ya hapo, ule mwingine ndio unaohitaji kuchunguzwa. Ukiongeza kutolia, degedege ya siku ya pili na ngumi isiyofunguka baada ya miezi minne, msingoje hata wiki moja. Ushauri wa kungoja mwaka umepitwa na wakati. Tangu 2017 upo mwongozo wa kimataifa unaoonyesha kwamba mtindio wa ubongo (ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na jeraha la ubongo wa mtoto), au hatari kubwa ya kuupata, unaweza kutambuliwa kabla ya miezi sita.

Haraka hii ina sababu. Katika miezi ya kwanza nyaya za neva kutoka pande zote mbili za ubongo hushindania nafasi ya kuongoza mkono. Zinazotumika huimarika, zisizotumika hujiondoa. Mkono ulioachwa bila kazi hauchelewi tu. Unapoteza njia yake. Hilo haliwezi kurudishwa kwa urahisi mtoto akiwa na miaka miwili.

Leo au kesho, mpigeni video. Kati ya miezi mitatu na mitano, mtoto mwenye ubongo usio na jeraha kubwa akiwa ametulia hufanya miondoko midogo isiyokoma shingoni, mabegani, vifundoni na nyongani, kuelekea kila upande. Ikikosekana, hiyo ni dalili nzito. Nafasi hii hufungwa karibu wiki ya 20, na binti yenu ameikaribia wiki hiyo. Mlazeni chali kwenye mkeka usio na mapambo, amevaa fulana na nepi tu, mikono na miguu wazi, chumba kikiwa na joto. Awe ameshiba, macho, bila chuchu ya bandia wala kitu cha kuchezea, na mtu yeyote asimsemeshe. Simu ishikwe juu ya miguu yake, uso na mwili wote uonekane, dakika tatu hadi tano. Akilia, acheni mjaribu baadaye; video ya mtoto anayelia haisomeki. Pelekeni kwa mtaalamu aliyefunzwa kusoma miondoko hiyo.

Asipopatikana, ombeni afanyiwe uchunguzi wa neva wa watoto wachanga unaoitwa Hammersmith, ambao hutumika kuanzia miezi miwili hadi miaka miwili. Una vipengele 26 na jumla ya alama 78, hauhitaji mashine, na huchukua kama robo saa. Mtoto akipata chini ya 73 akiwa na miezi sita au zaidi, afuatiliwe kwa karibu. Picha ya ubongo ya MRI inasaidia sana, lakini tiba isikae kungoja fedha za picha. Na daktari ahakikishe pia bega: mkono ulioning'inia kwa kulegea kuanzia begani huwa ni neva ya shingo iliyovutwa wakati wa kuzaa, na matunzo yake ni tofauti na ya mkono uliokaza ngumi.

Mkishaonana na mtaalamu wa tiba ya shughuli, yule ambaye hospitalini mnamwita OT, muulizeni kuhusu zoezi la kufunika mkono wenye nguvu. Utaratibu uliofanyiwa utafiti kwa watoto wachanga ni huu: mkono mzima huvikwa soksi laini au glavu, dakika 30 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki sita, kisha mapumziko ya wiki sita, halafu wiki sita nyingine. Dakika hizo 30 zinaweza kugawanywa. Msiache soksi siku nzima, maana mkono wa kushoto nao unajifunza.

Kwanza ngumi ifunguke. Msivute vidole kutoka nchani, vitakaza zaidi. Inamisheni kifundo cha mkono chini taratibu na kupapasa mgongo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho. Vidole hufunguka vyenyewe. Kidole gumba kishikeni kwenye shina lake. Kisha mketisheni akiwa ameegemea mapaja ya mmoja wenu, kiwiko cha kulia kikishikiliwa kutoka chini, na muweke kitu chepesi cha kushikika: bangili ya plastiki, kijiko cha mbao, kitambaa kilichofungwa mafundo. Kikae upande wake wa kulia, karibu kiasi kwamba akinyoosha kidogo atakigusa. Hesabuni moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea: wanauchukua mkono wa mtoto na kuupeleka. Ubongo hujifunza kutokana na jaribio analolianzisha mtoto mwenyewe, hata likikosa shabaha. Makosa mengine ni kumfanyisha akiwa na njaa, na kuendelea akiwa analia. Acheni, mrudie baadaye.

Mjukuu wangu ana miezi sita. Akiamka anainama ghafla na kutupa mikono mbele, anatulia, anarudia tena, kama mara kumi hivi. Tunampa dawa ya tumbo. Siku hizi hacheki kama zamani. – Nyanya, Kangemi

Nyanya, shikamoo. Tafadhali mpelekeni hospitali kubwa leo. Kuinama au kushtuka kwa mfululizo, hasa baada ya kuamka, pamoja na kupungua kwa tabasamu, ni dalili za aina ya kifafa cha watoto wachanga ambayo haifanani na degedege ya kutetemeka na kutoka povu. Mara nyingi huanza kati ya miezi mitatu na kumi na miwili, na watoto waliokosa hewa au waliozaliwa mapema huipata zaidi. Maumivu ya tumbo hayana mpangilio huo wa kurudiarudia kwa sekunde chache, na hayamwondolei mtoto uchangamfu alioupata.

Mrekodini kwa simu kipindi kizima. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo yoyote. Ombeni kipimo cha umeme wa ubongo. Dawa zipo, zikiwemo za jamii ya steroidi na vigabatrini, na kila wiki inayopita bila dawa huharibu uwezo wake wa kujifunza. Mkiambiwa mrudi mwezi ujao, siku hiyohiyo tafuteni daktari wa watoto wa neva.

Nina kituo cha kulelea watoto Mukuru, wako wanane. Mmoja ana miezi tisa, alikaa nasari kwa manjano. Haketi, miguu inakaza na kupishana, na uji humpalia. Mamake huenda kazini Industrial Area saa kumi na moja alfajiri. Mimi si daktari, ninaweza kufanya nini? – Msomaji wa Mukuru

Dada, wewe unakaa na mtoto huyu saa nyingi kuliko mtaalamu yeyote atakayemwona. Tuanze na uji, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Usimlishe akiwa amelala wala kichwa kikiwa kimeangalia juu. Kichwa kikiinuka nyuma, njia ya pumzi inakuwa wazi na uji unashuka mapafuni. Mketishe kwenye mapaja yako, mgongo wake kwenye mkono wako, nyonga zimekunjwa, kidevu kikiinama kidogo kuelekea kifuani. Miguu ikikaza, ipanue moja kila upande wa paja lako. Nyonga zikikunjwa na kupanuliwa, mwili mzima hulegea. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika kama maji. Ule mwepesi ndio unaopalia zaidi. Jaza kijiko nusu, kilete kutoka mbele na chini, kibonyeze kidogo katikati ya ulimi, ungoje afunge mdomo mwenyewe. Usikwaruze kijiko kwenye ufizi wa juu. Ngoja ameze kabla ya kinachofuata. Mlo ukizidi nusu saa amechoka. Afadhali milo midogo mara nyingi. Akikohoa kila mlo, sauti ikiwa na majimaji baada ya kula, macho yakitoa machozi, au nimonia ikirudi mara kwa mara, mwambie mamake asikose kliniki, na umpe taarifa hiyo kwa maandishi ili asiisahau akifika kwa daktari.

Kumbeba, mpandishe ubavuni, mguu mmoja mbele yako na mwingine nyuma. Akina mama wetu hubeba hivi tangu zamani, na ni tiba nzuri ya miguu inayopishana, inayofanyika huku ukienda dukani. Mgongoni pia ni sawa mradi mapaja yapanuke kuzunguka kiuno chako. Usimfunge miguu ikiwa imenyooka pamoja.

Kuketi, tumia beseni la kufulia. Kunja leso au shuka ziwe vigogo, ziweke mgongoni na mbavuni, moja nene chini ya magoti ili nyonga zisiteleze. Weka vitu vya kuchezea mbele yake usawa wa kifua. Dakika kumi, kisha abadilishe mkao: ubavu huu, kifudifudi juu ya kigogo, ubavu ule, mikono yote miwili ikikutana mbele ya uso. Mtoto wa aina hii akiachwa chali saa nzima hukaza kuelekea nyuma, na kila siku mkazo huo unazidi kuwa mazoea ya mwili. Usimsimamishe kwa kumshika kwapa ili "azoee kutembea". Anasimama kwa ncha za vidole, na hilo ndilo linaloimarika.

Mwite jina lake, umweleze unachofanya, ungoje akujibu kwa macho au sauti, umjibu. Na kwa kuwa alikuwa na manjano, mamake amwombee kipimo cha masikio; manjano yaliyofika ubongoni hupenda kudhuru usikivu, na mtoto asiyesikia huonekana mzito wa akili kumbe hasikii.

Je, kumkanda mafuta kila siku na kumnunulia woka kutamharakisha kutembea? – M., Dandora

Kukanda kunampumzisha mtoto, kunamsaidia kulala, na kunamkaribisha kwa mzazi. Endelea ukipenda. Ila hakumfundishi kutembea, kama vile kunyooshwa misuli na mtu mwingine kusivyomfundisha. Wako wanaolipia miezi ya kukandwa wakidhani wanalipia tiba. Kikao kizuri ni kile ambacho mtoto ndiye anayefanya kazi na mzazi anaondoka akijua la kufanya nyumbani. Mtaalamu akikutoa nje ya chumba, muulize sababu.

Woka hapana. Kile kiti chenye magurudumu humfanya asukume kwa ncha za vidole, hakimfundishi kujisawazisha, na huwafikisha watoto kwenye jiko na ngazi. Canada ilipiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004.

Tuanzie wapi hapa Nairobi, na tubebe nini? – Wasomaji kadhaa

Anzeni kliniki ya watoto iliyo karibu mpewe barua ya rufaa. Idara za tiba ya viungo na tiba ya shughuli zipo katika hospitali kubwa za umma, ikiwemo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Baadaye, kwa masuala ya kujifunza, upo uchunguzi katika Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani, na katika vituo vya tathmini ya elimu (EARC) vya Wizara ya Elimu. Hamhitaji kungoja umri wa shule. Mtoto akithibitishwa kuwa na ulemavu, mwandikisheni kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Hakikisheni pia ameongezwa kwenye akaunti ya familia ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, kwani wengi hugundua dirishani kuwa jina la mtoto halimo.

Bebeni kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, karatasi ya kuruhusiwa kutoka nasari, na video mlizopiga. Karatasi ikipotea, rudini hospitali alikozaliwa muombe nakala: wiki za mimba, uzani, alama za Apgar (za hali ya mtoto dakika za kwanza baada ya kuzaliwa), kama alipata degedege, kiwango cha juu cha manjano, na dawa alizopewa. Andikeni maswali matatu kabla ya kuingia, la kwanza likiwa hili: nyumbani tufanye nini kila siku hadi tarehe ya kurudi? Msiondoke bila jibu lake na bila tarehe. Mtoto aliye hatarini huonwa angalau akiwa na miezi 3, 6, 9, 12, 18 na 24 ya umri uliosahihishwa, hata akionekana mzima, kwa kuwa shida za lugha na za kutulia hujitokeza baada ya mwaka, wakati familia nyingi zimeshaacha kwenda kliniki.